Nani Aliyeiandika Mechi?

Vijana wanaocheza gemu ya mpira katika banda langu, hapa Ngamiani, Tanga, wana kauli moja wanayoikimbilia wakifungwa dakika ya 90: "Mwalimu, hii gemu ilishaandikwa." Wanadai mashine iliamua matokeo kabla hawajashika pedi. Mabeki wanakuwa wazito ghafla, pasi fupi inaishia mguuni kwa adui, kipa anaachia mpira ambao mtoto angeudaka, na aliyekuwa akiongoza mbili bila anainuka kitini amefungwa tatu. Banda ni la marehemu mume wangu, kazi yangu mimi ni madrasa, na katika nguzo sita za imani ninazowasomesha watoto, ya sita ni kuamini kadari, heri yake na shari yake. Wengi wa wanaolalamika bandani nimewasomesha mwenyewe. Ndiyo maana siwapuuzi. Wanauliza swali ambalo wanazuoni wa Basra na Baghdad walibishana juu yake zaidi ya miaka elfu moja iliyopita: kama matokeo yamekwisha kuandikwa, juhudi yangu ina maana gani?

Swali hilo linastahili jibu, na njia ya kulijibu inapitia ubishi mwingine unaozuka bandani kila Septemba toleo jipya linapotoka: gemu ya mwaka huu imeukaribia mpira wa kweli kiasi gani kuliko ile ya mwaka jana?

Gemu ya kwanza ya FIFA ilitoka Desemba 1993, imetengenezwa Kanada na kampuni ya Electronic Arts. Uwanja ulitazamwa kwa mshazari kutoka juu, na wachezaji walikuwa na majina ya kubuni. Majina halisi yalikuja na FIFA 96. Tangu hapo kila mwaka kimeongezwa kitu: nyuso, nyimbo za mashabiki, jasho, jezi inayopepea. Kwa ajili ya FIFA 22, wachezaji 22 walivalishwa mavazi yenye vihisio wakacheza mechi, na kompyuta ikajifunza mwendo wao. Toleo la 2023, la kwanza baada ya kampuni hiyo kuachana na jina la FIFA, lilijengwa kwa data za mechi za kulipwa zaidi ya 180.

Hizo ni juhudi kubwa, nami naheshimu kazi ya watu. Lakini chini ya jasho lile lililochorwa kwa ustadi, kinachoamua ni namba. Kila mchezaji amepewa alama zisizozidi 99 za kasi, mashuti, pasi, chenga, ulinzi na nguvu za mwili. Namba hizo hupangwa na watu, waliokaa wakatazama msimu uliopita, kabla mpira wa kwanza wa msimu mpya haujapigwa. Huyo ndiye mwandishi wa kwanza wa mechi, na vijana wangu humsahau. Wanautafuta mkono uliojificha dakika ya 90, na huku mkono mwingine umeandika waziwazi tangu Septemba, namba zake ziko kwenye skrini wanapochagua timu.

Mwandishi huyo ana mipaka ya macho. Tukimwamini yeye, mshambuliaji wetu Mbwana Samatta alizaliwa Genk, Ubelgiji, akiwa na miaka 23. Ligi ya Ubelgiji imo ndani ya gemu, hivyo alipohamia huko Januari 2016 alipata jezi na alama. Mbagala alikotoka haimo. Simba haimo. TP Mazembe ya Lubumbashi haimo, ingawa alikuwa na klabu hiyo walipotwaa Ligi ya Mabingwa Afrika mwaka 2015, na mwezi ule ule aliohamia Ulaya alitangazwa Mchezaji Bora wa Afrika miongoni mwa wanaocheza ndani ya bara. Kijana wa Tanga anayetaka kucheza na Coastal Union, mabingwa wa Tanzania wa mwaka 1988, hataiona kwenye orodha, na uwanja wa Mkwakwani hataukuta. Wanawake nao vivyo hivyo. Mwaka 2010 Twiga Stars, timu yetu ya taifa ya wanawake, ilicheza fainali za Afrika nchini Afrika Kusini. Gemu ya FIFA iliingiza wanawake kwa mara ya kwanza mwaka 2015, timu za taifa 12, na hakukuwa na hata moja ya Afrika.

Uhalisia huo, basi, ni uhalisia wa walio na mkataba. Unanakili sura ya mtu mpaka kovu la shavuni, kisha unayakata maisha yake nusu na kuitupa nusu ya kwanza. Vijana wenyewe wamegundua tiba. Gemu ya simu ya Dream League Soccer inamruhusu mchezaji kuingiza picha ya jezi kutoka kwenye intaneti, nao huvisha timu zao jezi za Simba na Yanga na kuandika majina wanayoyataka. Ni picha duni, miguu ya wachezaji haina mwendo wa kweli, lakini mimi naona ina ukweli ambao vihisio havikuunasa: mtu anayechezwa anatoka mahali, na anayecheza anamjua.

Kisha ipo mipaka ya wakati. Septemba 2015 kila aliyepima wachezaji wa Leicester City aliwapima kwa alichokiona: timu iliyonusurika kushuka daraja, na mshambuliaji, Jamie Vardy, aliyekuwa akicheza nje ya ligi za kulipwa miaka mitatu tu kabla. Wacheza kamari wa Uingereza waliahidiwa 5000 kwa 1 kama timu hiyo ingetwaa ubingwa. Vardy akafunga katika mechi 11 za ligi mfululizo, na Mei 2016 Leicester wakabeba kombe. Hakuna aliyekosea hesabu. Namba zilikuwa sahihi kwa yaliyopita, na mpira unachezwa katika yasiyotokea bado. Machi 1, 2020, Samatta aliruka mbele ya mabeki wa Manchester City kwenye fainali ya Kombe la Ligi, Wembley, akaifungia Aston Villa kwa kichwa. Villa walifungwa 2 kwa 1, na miezi michache baadaye alikuwa ameshakwenda Uturuki. Goli lile halikuwamo katika alama zake za Septemba, na hakuna alama ya Septemba iliyofuata iliyoweza kulifuta.

Hapo ndipo ninapolitazama toleo la kila mwaka kwa jicho tofauti na wengi. Bandani husemwa ni ujanja wa biashara: gemu ni ile ile, jezi zimebadilishwa, lipa tena dola 60 au 70. Katika baadhi ya matoleo, hilo limekubaliwa na wauzaji wenyewe. Konami mwaka 2020 waliiita PES 2021 nyongeza ya msimu na kuiuza kwa bei ya chini. Electronic Arts nao, kwenye Nintendo Switch, waliuza miaka kadhaa toleo ambalo walieleza kuwa ni la jezi na vikosi vipya tu. Mtume, rehma na amani zimshukie, alipita sokoni Madina akatia mkono katika rundo la nafaka, akakuta chini pana unyevu ambao juu haukuonekana, akamkemea muuzaji kwa kuificha kasoro ya bidhaa yake. Muuzaji anayesema wazi kuwa ndani hakuna jipya amejitoa katika lawama hiyo. Mnunuzi akitaka kununua, ni hiari yake.

Lakini ndani ya desturi hii ya kila mwaka kuna jambo kubwa kuliko bei. Kila Septemba wapangaji wa namba wanakiri, wapende wasipende, kuwa hukumu yao ya mwaka jana imepitwa. Aliyepewa 70 anapanda, aliyepewa 88 anashuka, mzee anapungua kasi. Kiumbe aliye hai hakubali kufungwa katika kipimo kimoja, na gemu inayotaka kumfuata lazima irudi mezani kila mwaka na kufuta. Naona katika hilo adabu ambayo sisi walimu tungeiga. Ubaya unaanza pale kufuta kunapogeuka kufukia. Septemba 2023, jina lilipobadilika, gemu za zamani za FIFA ziliondolewa kwenye maduka ya mtandaoni, na aliyetaka kununua ya mwaka uliopita akakuta mlango umefungwa. Mshambuliaji Emiliano Sala alifariki Januari 2019, ndege ndogo iliyokuwa ikimpeleka Cardiff ilipoanguka baharini kati ya Ufaransa na Uingereza. Kadi yake ndani ya gemu iliondolewa katika pakiti za wachezaji zinazouzwa mtandaoni, na nadhani ilikuwa heshima, maana haifai watu kununua na kuuza jina la marehemu aliyeacha mama anayelia. Kwenye diski za toleo lile bado yumo, na jezi ya Nantes, klabu aliyokuwa akiichezea. Nami naona diski ile nayo inasema kweli: alikuwa hai msimu ule, alicheza, akafunga. Mwaka mpya unaruhusiwa kuongeza neno juu ya mtu. Hauruhusiwi kudai kuwa miaka ya nyuma haikuwepo.

Sasa nirudi kwa mwandishi aliyejificha. Novemba 2020 wachezaji watatu wa gemu walifungua kesi California, Marekani, wakidai Electronic Arts inabadili ugumu wa mechi kimyakimya ili anayefungwa ashawishike kununua pakiti za wachezaji. Kampuni ina hataza ya mbinu ya namna hiyo, lakini ilikana kuitumia katika gemu hizo. Mwaka 2021 walalamikaji waliiondoa kesi, baada ya kupewa maelezo ya kiufundi na kuzungumza na wahandisi. Nayachukua kama yalivyo: madai hayakuthibitishwa. Hata hivyo mashaka yao yananifundisha jambo. Hawakukasirika kwa sababu kuna anayejua matokeo mapema. Walikasirika kwa kudhani kuwa anayejua ana haja na mfuko wao.

Hapa ndipo kadari ya Mwenyezi Mungu inapotengana na programu, na hapa ndipo ninapowataka vijana wangu wasimame. Katika historia yetu walikuwepo Jabriyya, waliosema binadamu hana hiari yoyote. Walikuwepo Muutazila, waliosema binadamu huumba matendo yake, kwa sababu Mungu mwadilifu hawezi kumuadhibu mtu kwa alilomlazimisha. Abul Hasan al-Ash'ari, aliyekulia kwa Muutazila kisha akawaacha, alishika njia ambayo sisi wa mwambao tumeirithi: tendo huumbwa na Mungu, na mja hulichuma, na kwa kulichuma ndipo anaulizwa. Sayyidna Umar alipokuwa njiani kwenda Shamu akasikia habari za tauni, aligeuza msafara. Abu Ubaida akamuuliza kama anaikimbia kadari ya Mungu, naye akamweleza kuwa anatoka katika kadari ya Mungu kwenda katika kadari ya Mungu. Kujua kwa Mungu hakukumfunga miguu Umar. Kulimwachia njia mbili, na wajibu wa kuchagua.

Mungu ni mkwasi, hana anachokipata nikishinda wala nikishindwa. Elimu yake haimpi faida itakayomfanya anidhulumu. Mwandishi wa programu ni mja mwenye kodi ya kulipa na wanahisa wa kuwaridhisha, kwa hiyo tuna haki ya kumuuliza anachokiandika na kwa nini. Ubelgiji walihukumu mwaka 2018 kuwa kununua pakiti bila kujua kilichomo ni kamari, na mwanzoni mwa 2019 kampuni ikaacha kuuza huko sarafu za kununulia pakiti hizo. Kwetu hukumu hiyo ni ya zamani zaidi: unatoa mali ya hakika kwa kitu cha kubahatisha, hiyo ni maisiri. Bandani kwangu pakiti hazinunuliwi, na hela ya ushindi haiwekwi mezani.

Na kijana anayesema mechi ilishaandikwa namwekea sharti moja. Abadilishane timu na aliyemfunga, wacheze tena. Kama matokeo yalikuwa ya mashine, timu iliyoshinda itashinda tena mikononi mwake. Mara nyingi anafungwa na timu yake mwenyewe, kisha ananyamaza, kisha anaanza kuuliza: ulimtoaje beki wangu kwenye nafasi yake? Swali hilo ni mwanzo wa uhuru wake. Mpaka alipouliza, alikuwa Jabriyya bila kujua.

Simdai mtengenezaji aongeze jasho. Namdai aseme wazi mkono wake unafika wapi, na ayaache ya jana yabaki kwa anayeyataka. Uhalisia ninaoutaka ni ule unaomwachia mwenye 64 nafasi ya kumpita mwenye 91 dakika ya 90, bila mtu kumsaidia wala kumzuia, kwa sababu dunia aliyoiumba Mungu ina nafasi hiyo.

Vijana wengi wanaokaa kwangu mchana wamepata sifuri kidato cha nne. Wamepewa namba moja, na tangu siku ile ndugu, majirani na hata sisi walimu tunawachagua na kuwaacha kwa namba hiyo, kana kwamba hakuna Septemba nyingine itakayokuja. Kampuni ya gemu, pamoja na uchu wake wote wa pesa, inampa mchezaji hukumu mpya kila mwaka. Alama aliyopewa mwanafunzi kwa mtihani wa Novemba ni habari za Novemba. Sisi tunaoamini kuwa kalamu ya mwisho iko kwa Mungu peke yake ndio tungekuwa watu wa kwanza kukataa kuishika.