Mto wa Utotoni: Je, Mwenzi Wako Anadaiwa Kuupenda?

Kila Desemba magari yanapomiminika kutoka Nairobi kupitia Embu na Chuka kuelekea Meru, huwa kuna safari ndogo ndani ya ile kubwa. Baba akishawaamkia wazazi na kunywa chai, humwita mke na watoto: “Twendeni niwaonyeshe mahali nilipokuwa nikivua samaki.” Ni mwaliko wa upendo. Hata hivyo, nyumba ngapi zimerudi kutoka mtoni zimenuniana?

Tuchukue mfano wa mume aliyelelewa Gakoromone, karibu na lile soko kubwa la Meru. Siku zisizo na shule alishuka na wenzake hadi mto Kathita, unaotoka Mlima Kenya, na ufito, uzi, ndoana na kopo la nyungunyungu. Katika nyumba nyingi za Imenti za vizazi vilivyopita samaki hakuwa chakula, na mama hakutaka sufuria yake inuke. Basi wavulana waliwachoma visamaki vyao palepale ukingoni, wakagawana kipande kwa kipande. Samaki wenyewe walikuwa kisingizio tu. Alichokipata pale ni saa chache za kuwa mtu miongoni mwa watu, mbali na macho ya wakubwa.

Leo anafika na familia. Mikaratusi imesimama palipokuwa na nduma, na mipira ya kumwagilia mashamba imelala majini. Mtoto mmoja anauliza kama hapa kuna mtandao. Mwingine anaogopa tope. Kisha ndoana inanasa kisamaki cha urefu wa kidole. Mke, aliyezaliwa Mbita kando ya Ziwa Victoria, anacheka: “Baba watoto, huyu kwetu ni chambo cha mbuta!” Mume anakunja uzi. Hasemi neno mpaka jioni.

Ni nani aliyemkosea mwenzake? Wengi watasema ni mke. Sisi hatuna haraka ya kukubali.

Hebu tujiulize mume aliomba nini. Mtakatifu Augustino, katika kitabu cha 10 cha Maungamo, anaifananisha kumbukumbu na majumba makubwa ndani ya mtu. Mume yumo ndani ya jumba lake, anawasikia wenzake wakicheka. Mkewe yuko nje, anaona maji ya rangi ya chai na mipira ya plastiki. Hakumsimulia lolote; alitumaini mto ungemsemea, na mto hauwezi. Upendo wa mahali hauamriwi. Hakuna ahadi ya altareni iliyomfunga mke aupende Kathita.

Lakini kuna deni lingine. Kuupenda mto ni jambo moja, na kumsikiliza aliyeupenda ni jambo jingine. Hili la pili mke analidaiwa. Kicheko chenyewe si kosa (nyumba isiyo na utani ni ngumu kukaa); kosa ni kicheko kufunga mazungumzo. Angecheka, kisha akauliza, “Mlikuwa wangapi? Wako wapi sasa?” huenda angemjua mumewe kuliko alivyomjua kwa miaka kumi. Wengine kati ya wale wavulana huenda wamekwisha kuzikwa. (Zipo pia kumbukumbu ambazo mtu hahitaji kumpeleka mwenzi wake akazione, za wachumba wa zamani na mfano wa hizo. Hizo hatuzizungumzii hapa.)

Liko neno zito zaidi, na mara nyingi waume hawalifikirii. Kwa mila za Wameru, kama za Waluo, mke ndiye ahamaye. Kila Desemba “nyumbani” ni kwa mume. Naye mke ana maji yake. Kwake samaki hakuwa mchezo: ni mama aliyeamka alfajiri kupatana bei na wavuvi, ni omena walioanikwa juani huku jicho likitazama mawingu, ni karo ya shule. Ziwa lake nalo limebadilika. Mbuta aliingizwa ziwani miaka ya 1950 na 1960, na aina nyingi za samaki wadogo zikatoweka. Miaka ya 1990 gugu maji likafunika ghuba hata mitumbwi ikashindwa kutia nanga. Hasara yake si ndogo kuliko ya mumewe. Ila yeye hajaambiwa, “Twende nikaone.” Wanaume wengi hufika kwa wakwe zao siku ya mahari na siku ya mazishi, basi.

Mtasema nauli. Ni kweli, kutoka Meru hadi Mbita ni mwendo wa siku nzima, na watoto wanataka vitabu mwezi wa Januari. Basi pishaneni, mwaka huu Kathita, mwaka ujao ziwani. Anayesema fedha haipo, na ajiulize kama huwa haipo pia zamu yake ikifika.

Watoto waacheni. Msiwalazimishe kufurahi. Yule aliyeogopa tope huenda atakumbuka tu mkate alioula juu ya jiwe, na huo ndio utakuwa mto wake.

Na wewe mume, kabla ya kupanda kurudi sokoni, ukiwa bado umeshika ule uzi, muulize mkeo: kule Mbita, mvua ilipowakuta omena wameanikwa, mlifanyaje?