Nasaha Isiyoombwa Juu ya Mwili wa Mwenzio

Swali ninalotaka kulichunguza hapa ni dogo kwa sura yake, lakini limenisumbua kwa muda mrefu kuliko maswali mengi makubwa. Je, Mwislamu anayo haki ya kumwendea mwenzake ambaye hakumwuliza kitu, akamwambia ale nini, aache nini, na auzoeshe vipi mwili wake? Wengi watajibu upesi kwamba hiyo si haki tu bali ni wajibu, kwa kuwa Mtukufu Mtume Muhammad (s.a.w.) aliieleza dini yote kwa neno moja, nasaha. Nami zamani nilijibu hivyo hivyo. Wala sikuishia kujibu, nilitenda.

Katika msikiti ninaosali yuko ndugu mmoja, fundi cherehani, ambaye kwa muda wa miezi miwili au mitatu alinenepa ghafla, hasa usoni. Uso wake ukawa wa mviringo, mashavu yamejaa. Ijumaa moja, tulipokuwa tukivaa viatu, nilimshika bega mbele ya watu nikamwambia kwamba mtu wa umri wake hafai kuwa na mashavu ya namna ile. Apunguze ugali na wali wa usiku, na aamke mapema akimbie kidogo. Nikamkumbusha na ile Hadithi inayoligawa tumbo mafungu matatu, la chakula, la kinywaji na la pumzi. Watu wakacheka, naye akacheka. Wawili wengine wakaongeza yao: mmoja akamsifia maji ya ndimu kabla ya kula kitu, mwingine akamtaka aache nyama kabisa. Nikarudi nyumbani nimeridhika kama mtu aliyetoa sadaka.

Sikujua kwamba figo zake zilikuwa zikiugua, na kwamba daktari alikuwa amempa vidonge vya prednisoloni, dawa ambayo ikitumiwa kwa wingi na kwa muda mrefu huujaza uso hata mtu asipokula zaidi ya kawaida yake. Yeye hakutaka kumweleza kila mtu maradhi yake, na hiyo ni haki yake. Alichofanya ni kuvipunguza vidonge kwa shauri lake mwenyewe, kisha akaviacha, ili uso wake urudi kama ulivyokuwa. Sasa dawa hiyo haiachwi ghafla, kwani mwili uliozoea kuletewa kitu hicho kutoka nje huwa umekwisha punguza kukitengeneza wenyewe. Baada ya wiki chache alilazwa hospitali, miguu imevimba hata viatu havimwingii. Nilipokwenda kumtazama hakunilaumu. Alisema tu kwamba alichoka kuambiwa. Kisha akanihesabia kwa vidole: katika juma lile, mimi nilikuwa mtu wa sita.

Tangu siku hiyo nimekuwa nikilirudia lile neno nasaha. Wanalugha wa Kiarabu husema kwamba shina la neno hilo latumika kwa asali iliyochujwa mpaka ikawa safi, na latumika pia kwa kazi ya kushona nguo. Basi mwenye kunasihi ni mtu aliyeitakasa nia yake, na ni mtu anayeshona palipopasuka. Katika Hadithi ile ile, Mtukufu Mtume (s.a.w.) alipoulizwa nasaha hiyo ni kwa nani, aliwataja Mwenyezi Mungu, Kitabu Chake, Mtume Wake, viongozi wa Waislamu na watu wao wote. Ni dhahiri kwamba hakuna awezaye kumpa Mwenyezi Mungu ushauri. Kwa hiyo nasaha katika Hadithi hii ina maana pana kuliko kutoa shauri. Maana yake ni unyofu wa moyo na kumtakia mtu heri. Na pale Mtukufu Mtume (s.a.w.) alipotaja haki za Mwislamu juu ya Mwislamu, yaani kumsalimu, kuitika mwaliko wake, kumwombea rehema apigapo chafya akamsifu Mungu, kumzuru awapo mgonjwa na kulifuata jeneza lake, aliitaja nasaha pamoja na sharti: akikuomba. Haki hizo zimo katika Sahihi Muslim, kitabu kile kile chenye Hadithi ya kwanza. Mimi nilikuwa nimeishika moja nikaisahau nyingine.

Lakini hata kama angeniomba, nilikuwa na elimu gani ya kumpa? Niliona uso ulionenepa, nikakata hukumu kwamba ndani yake mna ulafi. Huo ndio mzizi wa kosa. Mwizi ukimwona akiiba, umeiona dhambi yenyewe. Ukimwona mtu mnene hukuona dhambi yoyote. Umeuona mwili tu. Mwili hunenepa kwa urithi wa wazazi, kwa dawa, kwa kasoro ya tezi ya shingoni, kwa uzazi, kwa kazi ya usiku inayouvuruga usingizi, na kwa umaskini pia, maana chakula cha bei nafuu mijini mwetu ni unga, sukari na mafuta ya kukaangia. Kadhalika wembamba si cheti cha uchaji. Kurani Tukufu, katika Sura Al-Aaraf, yatuamuru tule na tunywe bila ya kupita kiasi, na kila mmoja yampasa ajipime kwa amri hiyo. Lakini Kurani hiyo hiyo, katika Sura Al-Hujurat, yatukataza kudhaniana vibaya na kuchunguzana. Nani aliyetukabidhi sisi mizani ya kupimia sahani za wengine?

Abu Daud amepokea habari ya mtu aliyejeruhiwa kichwani akiwa safarini, kisha ikampasa kuoga. Akawauliza wenzake kama yuko ruhusa kutayamamu. Nao, pasipo kujua, wakamwambia hana ruhusa maadamu maji yapo. Akaoga, akafa. Mtukufu Mtume (s.a.w.) alipopewa habari alisema kwamba hao ndio waliomwua, na kwamba asiyejua hana dawa ila kuuliza. Tuzingatie kwamba watu wale walikuwa wema, na waliulizwa, nao hawakutaka ila dini ifuatwe. Ikiwa walioulizwa waliambiwa hivyo, je, mimi niliyejitolea bila kuulizwa?

Jambo hili huonekana wazi zaidi katika Ramadhani. Yuko mgonjwa wa kisukari anayejidunga sindano za insulini, ambaye daktari amemkataza kufunga, na Mwenyezi Mungu mwenyewe katika Sura Al-Baqara amemruhusu mgonjwa asifunge. Hata hivyo kila akutanaye naye humsimulia habari za mjomba wake aliyefunga mwezi mzima na sukari ikashuka. Sukari ikishuka mno mtu huzimia, na huweza kufa. Huyo mjomba hatakuwapo wakati huo.

Nikajiuliza swali jingine, nalo liliniumiza zaidi. Katika safu ya mbele ya msikiti wetu husali mfanyabiashara mmoja mwenye uwezo, ambaye tumbo lake hutangulia kuingia mlangoni. Huyu sijapata kumshika bega hata siku moja. Wala wale wawili wa maji ya ndimu na nyama hawajapata. Tunamkaribisha kiti na kumwuliza hali za watoto. Basi kama nasaha yangu ilitokana na mapenzi, mbona ilichagua fundi cherehani? Nimeangalia tangu wakati huo, na nimeona kwamba maneno ya namna hii huteremka kama maji, kutoka juu kwenda chini: mkubwa kwa mdogo, mwenye mali kwa maskini, mwenyeji kwa mgeni, mume kwa mke aliyejifungua ambaye hata siku arobaini hazijatimia. Ni mara chache kuyaona yakipanda mlima. Kitu kinachoteremka tu, nashuku kama ni unyofu wa moyo. Nadhani zaidi ni ladha ya kuwa juu.

Na katika nchi zetu neno hili limekuwa na sumu ya pande mbili. Zamani kumwambia mtu amenenepa kulikuwa kumsifu, na wazee wengi hadi leo husema hivyo kwa nia njema. Kisha ukaja UKIMWI. Wagonjwa wa kwanza katika Tanzania waligunduliwa mkoani Kagera mwaka 1983, na katika Uganda watu waliuita ugonjwa huo Slim, kwa kuwa ulikondesha. Tangu hapo kumwambia mtu hadharani kwamba amekonda kukawa kama kumsomea hukumu. Wako waliojificha majumbani kwa kuogopa macho ya majirani, wakachelewa kupata matibabu. Mwenye kusema alidhani ametamka neno la kawaida tu.

Masahaba walipata kucheka walipoiona miundi myembamba ya Abdullah bin Masud (r.a.) alipopanda mti. Mtukufu Mtume (s.a.w.) hakuwaambia kwamba kucheka kwao ni kudogo. Aliwaambia kwamba miguu ile katika mizani ya Mwenyezi Mungu ni mizito kuliko mlima Uhud. Na Bibi Aisha (r.a.) alipoashiria ufupi wa Bibi Safiyya (r.a.), aliambiwa kwamba neno lile lingechanganywa na maji ya bahari lingeyachafua.

Hapana budi niseme pia kwamba chakula si jambo la mwili peke yake. Seyidna Ahmad, Masihi Aliyeahidiwa (a.s.), katika hotuba yake mashuhuri iliyosomwa Lahore mwezi wa Desemba 1896, alieleza kwa kirefu jinsi hali za mwili, na chakula miongoni mwake, zinavyoathiri roho na tabia za mtu. Kwa hiyo hakuna awezaye kusema kwamba Uislamu haujali tunachokula. Lakini tuutazame mwendo wake yeye mwenyewe. Katika kitabu chake Kitabul Bariyya, kilichotoka mwaka 1898, amesimulia kwamba alifunga kwa muda wa miezi minane au tisa, akikipunguza chakula kidogo kidogo mpaka kikawa mkate mdogo tu kwa mchana na usiku. Funga hiyo aliificha. Chakula kilicholetwa kutoka nyumbani aliwagawia watoto yatima kwa siri. Na baada ya kueleza aliyoyaona ya kiroho katika muda huo, alisema kwamba hamshauri kila mtu kufanya hivyo. Mtu aliyeliweza jambo kubwa namna hiyo hakulifanya kuwa fimbo ya kuwachapia wengine. Sisi tukiacha sukari katika chai kwa juma moja, mtaa mzima hupata habari.

Basi tunyamaze kabisa? Hapa sina hakika kama wale wanaosema kwamba mwili wa mtu ni wake na basi. Kisukari na shinikizo la damu huua watu wetu, na shinikizo la damu huweza kukaa mwilini miaka bila kuuma popote. Ukimwona ndugu yako ana kiu isiyokwisha, anakwenda haja ndogo kila saa, na kidonda cha mguuni hakiponi, ukamwacha kwa kisingizio cha adabu, hiyo si adabu. Mwambie, mkiwa wawili tu, aende akapimwe. Kumpeleka mtu kwa mjuzi si sawa na kujifanya mjuzi. Na wako ambao tumepewa amana juu yao, kama watoto wetu wadogo, ambao hawawezi kungoja mpaka waulize.

Mfano ulio bora kwangu ni wa Salman (r.a.) alipomzuru Abu Dardai (r.a.). Alimkuta mke wa nduguye amechakaa mavazi na amevunjika moyo, kwa kuwa mumewe amefululiza kufunga na kukesha. Abu Dardai akamwandalia mgeni chakula, akamwambia ale peke yake, kwani yeye amefunga. Salman hakumhubiria. Alisema kwamba hatakula mpaka mwenyeji wake ale naye. Akala. Usiku akamwambia alale, akalala, na mwisho wa usiku wakaamka wakasali pamoja. Ndipo Salman akamweleza kwamba Mola, nafsi na ahali, kila mmoja ana haki yake juu yake, na habari ilipomfikia Mtukufu Mtume (s.a.w.) alisema kwamba Salman amesema kweli. Hii ilikuwa nasaha isiyoombwa, na ilihusu chakula. Lakini Salman alikuwa amefanywa ndugu yake na Mtukufu Mtume (s.a.w.) mwenyewe, alikuwa nyumbani mwake, si uani mbele za watu, palikuwa na mke aliyekuwa akinyimwa haki yake, na mkono wake Salman ulikuwa katika sahani ile ile. Mimi siku ile sikuwa na hata moja katika hayo.

Yapo pia aliyoyafanya Mtukufu Mtume (s.a.w.) nyumbani kwa Bibi Maimuna (r.a.), alipoletewa nyama ya mnyama wa jangwani afananaye na kenge. Hakuila, akaeleza kwamba haipatikani katika nchi ya watu wake. Khalid bin Walid (r.a.) akaivuta sahani akaila, naye akimtazama. Wala haikupokewa kwamba alimwambia neno.

Yule fundi cherehani alipotoka hospitali nilimwomba radhi, akanipa. Amerudia vidonge vyake kwa kipimo cha daktari, na kwa muda uso ulijaa tena. Alfajiri nyingi humpitia tukaenda msikitini kwa miguu, mwendo wa kama nusu saa, kwa sababu njia yetu ni moja. Siku ambazo miguu inamsumbua hunipigia simu nisimpitie, nami simwulizi amekula nini.