Uso wa Gumegume

Jiwe halina tabia. Halipendi wala halichukii, halitoi wala halinyimi. Lakini lugha za watu hazikubali kuliacha jiwe liwe jiwe tu. Hulivika sifa za binadamu, kisha humrudishia binadamu sifa hizo kana kwamba zilitoka katika jiwe. Miongoni mwa mawe yaliyotendewa hivyo limo lile ambalo Waingereza huliita flint, Warusi kremen, na Waswahili gumegume: jiwe gumu ambalo likigongana na chuma huruka cheche. Jiwe ni moja na ugumu wake ni mmoja. Hukumu zilizotolewa juu yake ndizo zisizopatana, na kutopatana huko si jambo la makamusi peke yake.

Mwingereza akisema kwamba fulani ana moyo wa flint, amekwisha kumshitaki. Moyo huo haulainiki kwa machozi ya yatima wala kwa maombi ya mdeni. Akimwita mtu mchuna-flint, amemshitaki kwa kosa la pili, yaani ubahili wa mtu ambaye angalilichuna hata jiwe kama angalidhani lina ngozi ya kuuzwa. Mrusi huenda njia nyingine. Akisema kwamba fulani ni kremen, aghalabu amemsifu: ni mtu asiyevunjwa na vitisho, asiyetoa siri, asiyegeuka na upepo. Kirusi cha zamani kilijua pia kumwita bahili kwa jina hilo, lakini maana ya uthabiti ndiyo iliyoshinda. Basi mfasiri wa Kirusi akikutana na moyo wa flint katika hadithi ya Kiingereza hana budi kuliacha jiwe hilo mlangoni, na kuandika moyo wa mawe kwa jumla. Na mchuna-flint huwa bahili mtupu, jiwe limetoweka kabisa. Akilishika jiwe, atapoteza lawama. Akiishika lawama, atapoteza jiwe.

Kiswahili nacho kina mkondo wake. Bahili ni mkono wa birika, au kwa ufupi ni mtu mgumu. Asiye na huruma ana moyo wa jiwe, jiwe lolote litakalookotwa njiani. Gumegume lilikuwa kwanza jiwe la kuwashia baruti, kisha likawa bunduki yenyewe yenye jiwe hilo, na mwisho likawa mtu: mtu asiyefaa, na hasa mume ambaye ni mume kwa jina tu. Haikosi sababu. Bunduki za fataki zilipofika, na baada yake zile za risasi, bunduki ya gumegume ilibaki imetundikwa ukutani, ina umbo la silaha bila ya kazi ya silaha. Yamkini humo ndimo ilimozaliwa dhihaka hiyo. Mwingereza aliliogopa jiwe, Mrusi alilistahi, Mswahili alilicheka. Wala kicheko hicho si cha kijinga, maana kinaona jambo ambalo wale wawili wamelipita, kwamba kuna ugumu ambao hauumizi wala hausaidii, bali upo tu.

Msomaji wa Kiswahili aijuaye maana hiyo akifika katika kitabu cha Isaya, sura ya 50, aya ya 7, ana haki ya kusimama. Hapo mtumishi wa Mungu, akipigwa na kutemewa mate, amekaza uso wake mfano wa jiwe hilo. Kiingereza kimesema flint, Kirusi kimesema kremen, na tafsiri ya Kiswahili iliyoenea, iliyotoka kamili mwaka 1952, imesema gumegume. Kwa Mrusi hakuna kikwazo, kwa kuwa ni sifa juu ya sifa. Mwingereza hutakiwa asahau kwa dakika moja mashitaka yake ya kila siku. Mswahili ana kazi kubwa kuliko wote, kwa sababu katika desturi yake uso mkavu ni uso wa mtu asiye na haya, na gumegume ni mtu asiyefaa; naye aambiwa kwamba mtu huyu mwenye uso wa gumegume ndiye mteule. Wafasiri hawakukosea. Walichagua neno lililo sahihi kwa jiwe, wakaliachia sikio kazi ya kupambanua.

Katika mji wa Arusha uzito wa kazi ya namna hiyo wajulikana. Mahakama ya Kimataifa ya Jinai kwa Rwanda, iliyokaa humo hadi ilipofungwa mwaka 2015, haikuweza kutoa hukumu yake ya mwaka 1998 juu ya Jean-Paul Akayesu bila ya kwanza kuchungua maana ya maneno kadha ya Kinyarwanda, kama yalivyosikiwa na wasemaji wake wakati ule. Adhabu ya mtu iliweza kutegemea neno. Lakini zaidi ya miaka arobaini kabla ya hapo, watu wa mlima uuangaliao mji huo walikuwa wamekwisha kuingia katika shauri ambalo swali lake lilikuwa hilihili la ugumu.

Tume ya Jaji Mark Wilson, iliyotoa taarifa yake mwaka 1947, ilipendekeza ardhi za Arusha na Moshi zipangwe upya. Wameru wa Engare Nanyuki, upande wa kaskazini mashariki wa Mlima Meru, walitakiwa kuhama ili nchi hiyo iwe ya wafugaji wa Kizungu, na walionyeshwa eneo la Kingori pamoja na fidia. Wakakataa. Mwezi wa Novemba 1951 serikali ya Tanganyika iliwahamisha kwa nguvu watu wapatao 3,000, na nyumba zao zikachomwa moto. Hawakushika silaha. Wengi wao waliikataa hata fidia, jambo lililowashangaza waliodhani kwamba ugomvi wote wa ardhi una bei yake. Mwaka 1952 Kirilo Japhet alikwenda New York, akasimama mbele ya Baraza la Udhamini la Umoja wa Mataifa kuyaeleza mambo hayo, akisaidiwa na Earle Seaton, mwanasheria aliyezaliwa Bermuda na kufanya kazi Moshi. Mwezi wa Desemba mwaka huo azimio la kuwaunga mkono Wameru lililetwa mbele ya Mkutano Mkuu, lisipate theluthi mbili za kura zilizotakiwa.

Uingereza ilikuwa na kiti katika Baraza lile, na Urusi ya Kisovieti vilevile. Kiingereza na Kirusi zilikuwa miongoni mwa lugha rasmi tano za Umoja wa Mataifa wakati huo. Tuseme mjumbe mmoja angalisimama na kutamka kwamba Wameru ni watu wa flint. Kwa Kiingereza neno hilo lingaliweza kuwa lawama juu ya watu wasiosikia hoja. Mkalimani akilitia katika Kirusi, kremen, amewapa nishani. Na kama lingalirudi Meru kwa Kiswahili, wazee wangaliweza kuuliza ni nani aliyewatukana kwamba ni gumegume. Hakuna hata mmoja ambaye angalisema uongo. Kila mmoja angalikuwa ametoa hukumu pasipo kujua kwamba ametoa, kwa kuwa hukumu ilikuwamo ndani ya neno kabla hajafumbua kinywa.

Serikali ilikuwa na neno lake, nalo ni ukaidi. Mkaidi hafaidi mpaka siku ya Idi, wasema wahenga, na ofisa wa serikali angaliipenda sana methali hiyo. Wameru walikuwa na neno lao, nalo ni haki. Kati ya maneno hayo mawili Kiswahili kina neno la tatu lenye pande zote mbili, yaani ushupavu. Shingo ikishupaa ni dhambi. Mtu akiwa shupavu vitani ni shujaa. Kushupaa ni kulekule. Basi ni nini kinachougawa ugumu kuwa wema na uovu?

Jibu lililo karibu ni kwamba uovu uko moyoni na wema uko usoni. Ndivyo Kiingereza chenyewe kinavyoonyesha bila ya kukusudia: moyo wa flint hulaumiwa, uso wa flint husifiwa. Uso humwelekea mwenye nguvu anayepiga. Moyo humwelekea mnyonge anayeomba. Mtu aliye mgumu kwa mwenye fimbo na laini kwa mwenye njaa ana ugumu uliokaa mahali pake. Mkulima wa Engare Nanyuki aliyeikataa fidia aliukaza uso. Mtu aliyetia kiberiti katika nyumba ya mwenzake kwa amri alihitaji kuukaza moyo, walau kwa asubuhi moja. Kipimo hiki ni kizuri, nacho hutatua mengi.

Hakitatui yote. Watu wanaposimama pamoja, hapana budi baina yao awepo mmoja ambaye angependa kukaa chini. Pengine ana watoto wagonjwa, au ni mzee na amechoka, na fidia ile ingalimfaa. Uso wa jamaa zake uliokazwa kwa serikali humgeukia yeye, ukiwa umekazwa bado. Kwake yeye umoja wa kijiji ni jiwe kama jiwe lingine lolote. Wasifuo uthabiti wa makundi hupenda kumpita mtu huyu upesi, nao hawatendi haki. Maana ni yeye anayeonyesha kwamba mpaka kati ya uso na moyo si mnene kama tupendavyo kuamini.

Hapa yafaa kuliangalia jiwe lenyewe. Watu wa kale walidhani kwamba moto umelala ndani ya gumegume. Haumo. Jiwe, kwa kuwa ni gumu zaidi, hukwangua vipande vidogo vya chuma, na ni vipande hivyo vya chuma vinavyowaka hewani. Katika kiberiti cha gesi kinachouzwa leo madukani Arusha mambo yamepinduka: kile kiitwacho jiwe ni mchanganyiko wa madini uliobuniwa na Carl Auer von Welsbach mwaka 1903, nao ni laini, gurudumu la chuma ndilo linaloukwangua. Kwa njia zote mbili, kiwakacho ni kile kilicholika, na kigumu hubaki baridi.

Na Mlima Meru haukuwapa watu wake gumegume. Ni mlima wa volkano, wenye kimo cha zaidi ya mita 4,500, uliotoa majivu mara ya mwisho mwaka 1910; gumegume la Waingereza huzaliwa katika miamba ya chokaa. Wamasai na Waarusha wa nchi hizi walipata moto kwa kupekecha kijiti kigumu juu ya mti laini. Ukitwaa vigumu viwili utachoka bure, na laini viwili vitasagika tu. Tena kijiti hicho hakikuachwa kiwe chombo cha jikoni. Kwa jina lake, olpiron, huitwa wazee ambao huwasha moto wa rika jipya la vijana, wakawa walezi wao, wenye amri ya kuwakemea na wajibu wa kuwatetea. Ni ugumu wenye dhamana juu ya mtu maalumu, ambao waweza kuulizwa habari zake.

Kirilo Japhet na Earle Seaton waliandika habari za shauri la ardhi ya Meru katika kitabu kilichotoka mwaka 1967, nao waliandika kwa Kiingereza. Mwanafunzi atakayekaa kukifasiri kwa Kiswahili atafika mahali ambapo watu wanaambiwa waondoke na hawaondoki. Mbele yake yatakuwapo maneno: ukaidi, ushupavu, uthabiti, uso mkavu, na lile gumegume la Isaya. Itambidi achague, na babu zake wamo ndani ya ukurasa.