SUBIRA YA MGONJWA WA MAFIGO

Bismillahi Rrahmani Rrahim. Sifa njema zote ni za Mwenyezi Mungu, aliyeteremsha maradhi akateremsha na dawa. Na rehema na amani zimshukie Mtume Muhammad, na ali zake na sahaba zake.

Ama baada ya hayo. Fahamuni, enyi ndugu Waislamu, ya kuwa katika mwili wa mwanadamu yamo mafigo mawili, kila moja kadiri ya ngumi. Kwa siku moja, usiku na mchana, huchuja maji ya damu kiasi cha lita 180. Karibu yote hurejea mwilini, na taka hutoka kwa mkojo. Neema hii mtu huipata naye amelala, wala haihesabu mpaka imwondoke. Ikimwondoka, sumu hukusanyika katika damu, mwili ukavimba, pumzi zikabana. Na asipotibiwa hufa.

Mwaka 1943, katika mji wa Kampen nchi ya Uholanzi, tabibu Willem Kolff alianza kutibu watu kwa mtambo wa kuitoa damu, kuisafisha na kuirudisha mwilini. Wagonjwa wake wa mwanzo karibu wote walikufa. Naye hakukata tamaa, hata mwaka 1945 mwanamke mmoja aliyekuwa amezimia akazinduka. Leo wako waishio miaka mingi kwa mitambo ya namna hiyo, wakiiendea aghalabu mara tatu kwa wiki, kila mara muda wa saa nne hivi.

Katika jambo hili hukosea watu wawili. Wa kwanza husema, "Nimetawakali," akauacha mtambo akakaa nyumbani. Wa pili huenda, lakini moyo wake umekufa. Hujiona ni maiti aliyecheleweshwa kuzikwa, basi hula na kunywa apendavyo. Wote wawili hudhani wameridhia amri ya Mungu, na hali wameikimbia.

Na atazamwe Nabii Ayubu, amani imshukie, ambaye Mwenyezi Mungu amemsifu kwa subira. Je, alipopatwa na dhara alinyamaza? La, alimlalamikia Mola wake. Kumbe kumshitakia Mungu huzuni si kuvunja subira. Na je, Mungu hakuweza kumponya pasipo kitu? Aliweza, lakini alimwamrisha apige ardhi kwa mguu wake, yakatoka maji ya kuoga na ya kunywa. Mgonjwa dhaifu aliamrishwa kutenda. Basi mwenye kuinuka alfajiri, mnyonge, akauendea mtambo, huyo ndiye apigaye ardhi kwa mguu wake.

Subira hii ina matendo. Asikose siku yake, wala asitake kupunguziwa saa zake. Anywe maji kwa kipimo alichopewa, maana yaliyozidi hayana pa kutokea. Huingia mapafuni na kuulemea moyo. Apunguze chumvi, kwani ndiyo iletayo kiu. Madafu, ndizi na tende ni riziki njema, lakini zina potasiamu nyingi, nayo ikizidi katika damu yaweza kuusimamisha moyo ghafula. Basi asitumie ila kwa kadiri aliyoambiwa na tabibu. Na akiweza, atembee kidogo kila siku, kwani viungo visivyotumika hudhoofika.

Moyo nao una maradhi yake. Huzuni nzito huwapata wengi wa wagonjwa hawa, na matabibu wameona ya kuwa aliyezama ndani yake hukosa siku zake, huacha chakula, na hatari ya kufa humzidia. Kumweleza tabibu habari za moyo si aibu. Ni kama kumwonyesha donda.

Wala dini haikumfanyia uzito. Asiyeweza kusimama asali ameketi, na asiyeweza kuketi asali kwa ubavu. Kutoka damu mkononi hakutengui udhu katika madhehebu ya Imamu Shafii. Kujumuisha sala mbili kwa ajili ya maradhi, kauli mashuhuri ya madhehebu ni kukataza. Lakini Imamu Nawawi aliipa nguvu kauli ya kuruhusu. Na ambaye saumu humdhuru, na maradhi yake hayatarajiwi kupona, hutoa kibaba kimoja cha chakula kwa kila siku akampa maskini, wala asione haya mbele ya wafungao. Kuipokea ruhusa ya Mola ni ibada.

Nanyi wenye afya, kumzuru mgonjwa ni haki yake juu yenu. Mgonjwa huyu haugui siku tatu akapona. Huenda mwaka baada ya mwaka, na wageni hupungua. Mpelekeni kwa zamu, kaeni naye, mchangieni nauli. Wala msimwekee karamuni kimdhurucho, kisha mkamwambia, "Kula, Mungu yupo." Mungu yupo, naye ndiye aliyekataza mtu kujiangamiza.

Mwenyezi Mungu awaponye wagonjwa wa Kiislamu, awape nguvu ya mwili na utulivu wa moyo, na awajaalie wenye afya kuijua neema kabla haijawaondoka. Amin.