Saratani ya watoto: Tunatoa hisani au tunalipa deni?

LIPO swali ambalo limekuwa likijirudia kila mwaka ninapofundisha mlango wa zaka na sadaka kwa vijana wa sekondari. Mtu akitoa fedha kumtibia mtoto wa mwenzake mwenye saratani, je, amefanya hisani au amelipa deni? Wengi hujibu haraka kuwa hiyo ni hisani, tena kubwa. Napenda leo tulitazame jambo hili kwa makini, kwa sababu jibu tunalolitoa ndilo linaloamua nani atoe, atoe kiasi gani, na aache lini.

Nianze na huku kwetu Kigoma. Kagunga ni kijiji kilicho kaskazini kabisa mwa mwambao wetu wa Ziwa Tanganyika, jirani na mpaka wa Burundi. Nyuma yake ni milima, mbele yake ni maji. Kwa miaka mingi njia ya watu wa huko imekuwa ziwa, yaani boti za abiria zinazoshusha watu na mizigo Kibirizi, Kigoma mjini. Sasa tuchukulie mtoto wa miaka sita wa Kagunga amevimba taya na meno yameanza kulegea. Mama atadhani ni jino, na hana kosa, kwani nani kati yetu asingedhani hivyo? Atamsukutulisha maji ya chumvi. Bibi atasema ni jicho la watu, itatafutwa mizizi. Siku atakapofikishwa Maweni, hospitali ya mkoa, uso utakuwa umekwisha badilika. Akielekezwa Bugando, Mwanza, au Muhimbili, Dar es Salaam, safari ndiyo kwanza inaanza. Kwa reli peke yake, Kigoma hadi Dar es Salaam ni zaidi ya kilomita 1,200.

Uvimbe wa namna hiyo mara nyingi ni saratani iitwayo Burkitt. Ni miongoni mwa saratani zinazokua kwa kasi kuliko zote anazopata binadamu. Lakini pia ni miongoni mwa zile zinazosikia dawa upesi, tena dawa za zamani zinazojulikana. Hapo ndipo penye uchungu. Mtoto huyu anaweza kufa si kwa sababu tiba haijulikani, bali kwa sababu nauli haikupatikana mapema.

Na je, tiba hiyo ilijulikanaje? Hapa naomba msomaji awe nami, maana hoja yangu yote imesimama hapa.

Mwaka 1957, katika hospitali ya Mulago, Kampala, daktari wa upasuaji kutoka Ireland aitwaye Denis Burkitt alionyeshwa mtoto aliyevimba taya. Akaanza kuwatafuta wengine, na mwaka 1958 akaandika habari za ugonjwa huo. Mwaka 1961, yeye na wenzake wawili wakapanda gari wakasafiri takriban wiki kumi na kilomita zipatazo 16,000, kutoka Kampala hadi Afrika Kusini na kurudi, hospitali kwa hospitali, wakiuliza uvimbe huo unaonekana wapi na wapi hauonekani. Mwaka huo huo Burkitt alitoa mhadhara London, na msikilizaji mmoja, Anthony Epstein, akahisi kuwa nyuma ya ugonjwa huu kuna kirusi. Vipande vya uvimbe wa watoto wa Uganda vikawa vinapelekwa London kwa ndege. Taasisi ya Taifa ya Saratani ya Marekani ikampa Epstein ruzuku ya dola 45,000. Mwaka 1964 yeye, Yvonne Barr na Bert Achong wakatangaza kuwa wamekiona kirusi hicho kwa hadubini ya elektroni. Kilikuwa kirusi cha kwanza kuhusishwa na saratani ya binadamu.

Faida yake haikuishia Afrika. Leo kirusi hicho kinahusishwa pia na saratani ya nyuma ya pua na koo inayowapata watu wengi kusini mwa China, na baadhi ya saratani za tumbo. Kule Kampala, taasisi ya saratani iliyofunguliwa mwaka 1967, kwa msaada wa fedha za Marekani, ilionyesha kuwa watoto wenye Burkitt wanaweza kupona kwa dawa bila kukatwa. Elimu hiyo ikasaidia kuwatibu watoto wa Ulaya na Marekani wenye saratani za jamii hiyo.

Hata sisi Tanzania tulichangia. Kuanzia mwaka 1977 hadi 1982, watoto wa North Mara waligawiwa klorokwini ili kujaribu kujua kama kuzuia malaria kunapunguza Burkitt. Jibu halikupatikana waziwazi, kwa sababu wagonjwa walikwisha anza kupungua kabla ya ugawaji, na vimelea vya malaria vikaizoea dawa. Lakini wazazi wa kule walikubali, na watoto wao wakameza vidonge kwa ajili ya elimu ambayo ingemfaa kila mtu.

Basi tazama. Kirusi kile kinaitwa Epstein-Barr, kwa majina ya watafiti. Jina la mtoto ambaye kipande cha mwili wake kilisafiri kwa ndege halimo. Siwalaumu watafiti hao, walifanya kazi kwa jitihada na nia njema. Nasema tu kwamba ulimwengu umenufaika na kitu kilichotoka katika miili ya watoto wa upande huu, na aliyenufaika na cha mwenzake ana wajibu kwake. Mtoto wa Kagunga akipata dawa kwa fedha za ruzuku kutoka ng'ambo, kimsingi hajapewa zawadi. Amerudishiwa sehemu ya kilicho chake.

Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa kila mwaka watoto na vijana wapatao 400,000 hupata saratani. Katika nchi tajiri zaidi ya asilimia 80 hupona. Katika nchi nyingi maskini hawafiki asilimia 30. Mwaka 2018 shirika hilo liliweka lengo kuwa ifikapo mwaka 2030 angalau asilimia 60 ya watoto wenye saratani duniani wapone. Kama elimu ni moja na chimbuko lake ni hili, pengo hilo haliwezi kuitwa bahati mbaya. Ni deni lililocheleweshwa.

Mwanafunzi wangu mmoja, kijana mwepesi wa hesabu, aliwahi kunipinga darasani. Alisema: "Ustadh, fedha za kumtibia mtoto mmoja wa saratani zingenunua dawa za malaria za watoto mia. Je, si dhuluma kumtazama mmoja?" Hoja hiyo si ya kupuuzwa, na wapo watu wazima maofisini wanaoishi nayo. Lakini ina kasoro. Inachukulia kuwa mfuko ni mmoja na umekwisha hesabiwa, kwamba ili huyu apone lazima wale wafe. Nani aliyeuhesabu? Mbona hatufanyi hesabu hiyo tunapochanga mamilioni kwa ajili ya harusi ya siku moja? Hesabu ya kupima roho kwa roho huletwa mezani pale tu mgonjwa anapokuwa maskini.

Mwezi Mei mwaka 2015, makumi ya maelfu ya wakimbizi kutoka Burundi walijazana Kagunga, na kipindupindu kikawaingia. Misaada ilikwenda, meli ya Liemba ikawasafirisha hadi Kigoma. Ilikuwa sawa kabisa. Lakini tujifunze kitu hapo: wagonjwa wakiwa wengi kwa mara moja, dunia huona. Mtoto wa saratani huja peke yake, mgongoni kwa mama yake, katika boti lililojaa magunia na dagaa. Hakuna anayemuona. Hisani hungoja mtu aone na aguswe moyo. Deni halingoji hivyo.

Hii ndiyo tofauti ninayoitaka. Mwenye kutoa hisani huchagua, hupiga picha, na huacha akichoka. Ruzuku nyingi ziko hivyo, zina mwaka wa kuanza na mwaka wa kwisha, ilhali watoto huendelea kuugua mradi ukishafungwa. Mwenye deni hana uhuru huo. Katika sheria yetu ya mirathi, mali ya marehemu haigawiwi kwa warithi mpaka madeni yake yalipwe kwanza. Deni hutangulia. Hatuulizi kama warithi wanajisikia kulipa.

Na sisi je? Isidhaniwe kuwa wadaiwa ni Wazungu peke yao. Uangalizi wa wagonjwa katika mji ni faradhi kifaya: wakiutimiza baadhi, wengine huvuliwa jukumu, wote wakiacha, wote wana dhambi. Pale Muhimbili, shirika la Tumaini la Maisha limekuwa likishirikiana na hospitali ili watoto watibiwe bila wazazi kulipa na familia zipate mahali pa kulala. Marekani, hospitali ya St. Jude ilifunguliwa mwaka 1962 kwa michango iliyoanzia kwa wahamiaji wenye asili ya Lebanon na Syria, na mpaka leo wazazi hawapewi bili. Wahamiaji wale hawakungoja mfadhili awaandikie mradi.

Tuna chombo cha kulipia deni hili, nacho ni wakfu. Ruzuku hutumika ikaisha, wakfu hubakisha shina na kutumia matunda. Chumba kimoja cha duka Mwanga au Ujiji kikiwekwa wakfu, kodi yake ya kila mwezi ikawa nauli ya mtoto na mama yake kutoka mwambaoni mpaka Bugando au Muhimbili, pamoja na chakula chao wakiwa huko, mlango mmoja wa kifo utakuwa umefungwa. Tusiulize dini ya mtoto, maana uvimbe hauulizi. Wafadhili wakubwa nao waambiwe wazi kuwa ruzuku inayonunua dawa na kuisahau nauli imelipa nusu ya deni.

Sikusema kuwa kila mtoto atapona. Wapo watakaofariki hata wakiwahi, na ajali hiyo iko mikononi mwa Mwenyezi Mungu. Lakini boti kutoka Kagunga, tiketi ya treni na kitanda cha kulala mama viko mikononi mwetu, na hivyo ndivyo tutakavyoulizwa.

Wabillahi tawfiq.