Deni Lisilo na Tarehe



Baada ya tetemeko la Februari 6, 2023 lililoangusha majumba Uturuki na kaskazini mwa Syria, tulikaa baada ya Isha tukizungumza. Ndugu mmoja, mwanafunzi wa uhandisi, akasema, "Ni kudra ya Allah. Nani angejua siku?" Hatukumjibu. Neno lake la kwanza ni itikadi yetu sote. La pili ndilo lililonikosesha usingizi.

Syria hiyo hiyo, karibu na mji wa Misyaf, mahali paitwapo Al Harif, kuna ukuta wa mawe uliojengwa zama za Warumi kupitishia maji. Ulijengwa ukiwa umenyooka. Leo umekatika, na vipande vyake viwili vimepishana mita 13.6. Umekaa juu ya ufa wa ardhi utokao Ghuba ya Aqaba, ukapita Bahari ya Chumvi hadi kusini mwa Uturuki. Si ule ulioleta msiba wa 2023, ni jirani yake. Pande zake zinapishana ubavu kwa ubavu.

Hesabu yake ni kugawa umbali kwa umri. Umbali unapimwa pale pale. Umri ndio kazi: unatafutwa katika tabaka za udongo na katika chokaa iliyoganda ukutani maji yalipokuwa yakipita. Mustapha Meghraoui na wenzake, katika utafiti uliochapishwa mwaka 2003, walipata karibu milimita 7 kwa mwaka.

Lakini hakuna mwaka ambao ukuta ule ulisogea milimita 7. Ulitulia karne kwa karne, kisha ukaruka mita kadhaa kwa mara moja. Mara ya mwisho ni mwaka 1170, zama za Nuruddin Zanki, aliyekwenda mji hadi mji kujenga upya ngome (hofu yake kubwa, kusema kweli, ilikuwa Wafaranji). Tangu hapo kimya, miaka zaidi ya 850. Zidisha kwa milimita 7: karibu mita 6 ambazo ardhi bado haijazitoa.

Hapa wapo wanaopumua, kwa sababu vipimo vya setilaiti vya miaka ya karibuni vimetoa kasi ndogo, nusu ya hiyo au pungufu. Wanasema: wataalamu wenyewe hawakubaliani, basi tusubiri. Mimi naona hoja hii ni dhaifu. Mashahidi wawili wakihitilafiana juu ya kiasi, huku wote wakikiri kwamba deni lipo, kadhi hamwachii mdaiwa aende zake. Hata kwa kasi ndogo ni mita mbili hivi, na mita mbili zinatosha kuzika mtaa.

Kutoijua siku ni udhuru wa asiyehama leo. Sioni vipi uwe udhuru wa anayepunguza nondo kwenye nguzo, au anayetia saini ramani ya ghorofa asiyoikagua. Yeye hakuhitaji tarehe. Kiasi kilikuwa mezani kwake.

Wiki iliyofuata nilimuuliza yule ndugu kama ameandika wasia. Akasema ameuandika tangu mwaka wa kwanza.

"Na siku ya kufa kwako uliijuaje?"

Alicheka. Kisha akaniomba nimwonyeshe tena ile hesabu ya ukuta.