Subira ya Mnunuzi na Prosesa ya Mwaka Jana

Bismillahir Rahmanir Rahim. Sifa zote njema anastahiki Allah Mtukufu, na rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad, aali zake na sahaba zake wote.



Ndugu zangu na dada zangu katika imani, safari hii nimeombwa niandike juu ya israfu. Neno hili tumelisikia katika hotuba nyingi, na mifano yake huwa ni harusi, nguo za sikukuu na futari inayomwagwa. Mimi nitalipeleka kwenye kompyuta. Kwa mwanafunzi wa chuo, hicho huenda ndicho kitu cha bei kubwa kuliko vyote atakavyonunua kabla ya kuhitimu, na wanaonisimamisha baada ya swala ya Ijumaa pale Mutanga hawaniulizi habari za harusi. Wananiuliza, "Ustadhi, ninunue ipi?" Nami si mufti. Nimesoma uhandisi wa kompyuta, na dini nimeisoma kwa masheikh wa Buyenzi kama wengi wenu.

Hivi karibuni alinijia kijana wa mwaka wa pili. Baba yake, huko Rumonge, alikuwa amemtumia fedha za mauzo ya mawese ya msimu mzima ili anunue kompyuta ya mezani ya kuchorea michoro ya majengo. Kijana alitaka iliyo na prosesa mpya kabisa, toleo la mwaka huohuo. Fedha hazikutosha. Akapata mtu wa kumkopesha kiasi kilichobaki, na deni liongezeke kila mwezi mpaka alimalize. Swali lake lilikuwa moja: je, hii haiwezi kuhesabiwa kuwa dharura, maana ni masomo?

Nilimjibu kwamba dharura ni pale ambapo mlango mwingine haupo. Hapa mlango ulikuwepo, tena mpana: anunue prosesa ya kizazi kilichotangulia, na asubiri wakati wake. Riba si jambo la kulipapasa ili kuona kama litalainika. Katika Suratul Baqara, Allah amewatangazia vita, Yeye na Mtume Wake, wale wasioiacha. Mtu aingie katika vita hivyo kwa sababu ya namba iliyoandikwa juu ya boksi?

Sasa niwaeleze huo mlango, maana kumwambia mtu "subiri" bila kumwonyesha anasubiri nini ni kumchosha tu.

Prosesa, kile kipande kinachofanya hesabu zote za mashine, karibu zote tunazoziona katika kompyuta za mezani zinatoka kwa kampuni mbili, Intel na AMD. Kampuni hizi hutoa matoleo kwa vizazi, na vizazi vina msimu kama mahindi. Angalieni tarehe. Kwa kompyuta za mezani, Intel ilileta kizazi cha 12 Novemba 2021, cha 13 Oktoba 2022, cha 14 Oktoba 2023, na Core Ultra zikafuata Oktoba 2024. AMD ilileta Ryzen 5000 Novemba 2020, Ryzen 7000 Septemba 2022, Ryzen 9000 Agosti 2024. Mengi yameangukia kati ya Agosti na Novemba. Kizazi kipya kinapotangazwa, wauzaji wenye mzigo wa zamani hutaka kuumaliza, na bei hushuka. Halafu mwishoni mwa Novemba kuna ile Ijumaa ya mapunguzo ambayo Wamarekani huiita nyeusi. Huko Ghuba wafanyabiashara wameibadilisha jina wakaiita Ijumaa Nyeupe, na kwa hilo nawapongeza.

Chukueni mfano wa Ryzen 5 5600X. Ilipotoka Novemba 2020 bei yake ilikuwa dola 299. Aprili 2022 AMD ikatoa ndugu yake, 5600 bila X, yenye kasi pungufu kidogo sana, kwa dola 199. Septemba mwaka huo Ryzen 7000 zikaingia sokoni, na ile 5600X yenyewe ikawa inapatikana chini ya dola 200. Kipande ni kilekile. Hakikupungua hata uzi mmoja ndani yake. Kilichopungua ni hamu ya watu. Na wakati mwingine hicho kizazi kipya chenyewe ni kipya kwa jina: cha 14 cha Intel, kwa sehemu kubwa, kilikuwa cha 13 kilichoongezwa kasi kidogo.

Kuna gharama nyingine ambayo kijana wa Rumonge hakuwa ameihesabu. Ryzen 7000 inataka soketi mpya, AM5, na haikubali RAM isipokuwa ya DDR5. Maana yake ni kwamba anayenunua prosesa hiyo ananunua pia ubao mama mpya na RAM mpya. Prosesa za 5000 zinakaa katika soketi ya AM4, ambayo wakati huo ilikuwa na mbao na RAM tele za bei nafuu, mpya na za mtumba. Tulipoandika hesabu yote kwenye karatasi, ile fedha ya mawese ilitosha na ikabaki ya kununulia kioo kizuri zaidi. Mkopo haukuhitajika tena.

Mtu atasema: huku si kukosa tawakkul, kuhesabu miezi na kuvizia bei? Someni tena kisa cha Nabii Yusuf alayhis salaam. Alijua miaka ya shibe na miaka ya njaa, akapanga akiba ya nafaka kwa miaka saba, na huyo ni nabii. Kujua msimu wa kitu na kupanga kwa kuufuata ni matumizi ya akili aliyotupa Allah. Na katika Suratul Furqan waja wa Mwingi wa Rehema wamesifiwa kwa kushika njia ya katikati katika kutumia mali, kati ya ufujaji na ubahili. Mwenye kungoja miezi miwili ili abakishe nauli ya kwenda kumwona mama yake si bahili.

Ila nisiwadanganye kwamba mambo ya Marekani yanafika Bujumbura siku ileile. Mwenye duka wetu aliagiza mzigo wake Dubai au kupitia bandari ya Dar es Salaam, akaulipia kwa bei ya siku ile na dola ya siku ile. California wakitangaza kitu kipya usiku, yeye asubuhi hawezi kuuza kwa hasara. Si mwizi. Mpe muda mzigo wake uishe. Tena sisi tuna jambo la faranga. Waliokuwa wakingoja bei ishuke mwaka 2023 wanaukumbuka mwezi wa Mei, Benki Kuu iliposhusha thamani ya faranga. Punguzo lote la dola likamezwa na zaidi. Kwa hiyo anayesubiri asisubiri kama anayeabudu bei. Kama kazi yako imesimama, tarehe ya kuwasilisha utafiti imekaribia na halali yako inatosha, nunua leo kwa jina la Allah.

Na kungoja sana nako kuna adhabu yake. Prosesa ya kizazi kilichopita hushuka bei, hukaa chini kwa muda, kisha mzigo unapokauka hupanda tena. Ryzen 7 7800X3D ilitoka Aprili 2023 kwa dola 449, ikashuka vizuri mwaka uliofuata, lakini kufikia mwisho wa 2024 ilikuwa adimu na bei imeruka. Aliyesema "bado kidogo" aliachwa na basi.

Najua wengi wenu hamnunui kompyuta ya mezani. Mnanunua laptopu ya mtumba, iliyotumika ofisini Ulaya au Ghuba miaka mitatu minne. Huko kanuni ni ileile, na hatari ni zaidi. Muuzaji anabandika karatasi "Core i7" na kunyamaza. i7 ya kizazi gani? Tazama namba baada ya kistari. i7-6600U ni ya kizazi cha 6, na ina viini viwili tu. i5-8250U ni ya kizazi cha 8, ina viini vinne, na ukiipa kazi nyingi kwa pamoja inaipita ile i7 bila taabu. Zaidi ya hayo, Windows 11 haikubali rasmi prosesa za Intel zilizo chini ya kizazi cha 8, isipokuwa chache mno, na msaada wa kawaida wa Windows 10 ulikwisha tarehe 14 Oktoba 2025. Ndiyo sababu mashine za kizazi cha 6 na cha 7 zimekuwa rahisi hivyo. Kwa anayejua kutumia Linux, hiyo ni neema. Kwa asiyejua, aambiwe kabla hajatoa fedha yake.

Hapa ndipo nataka kuwasemesha wale kati yetu wanaouza, maana mko, na wengine mnasoma ukurasa huu. Mtume swalla Llahu alayhi wasallam alipita sokoni akaingiza mkono katika fungu la nafaka, akakuta umande chini yake, na akamkaripia vikali mwenye nafaka kwa kuificha ile iliyoloa. Namba ya kizazi ndiyo nafaka iliyoloa ya zama zetu. Ukiwa na prosesa ya Intel ya kizazi cha 13 au cha 14 iliyotumika, sema pia. Mwaka 2024 Intel ilikiri kwamba baadhi yake zilikuwa zikiharibika kwa sababu ya umeme kupita kiasi, ikatoa marekebisho ya programu na kuongeza dhamana kwa miaka miwili. Lakini kilichokwisha kuungua marekebisho hayakiponyi, na mnunuzi ana haki ya kujua.

Upande wa pili nao una mtihani, na huu tunausahau. Mtume alikataza watu kuipokea misafara njiani kabla haijafika sokoni, kwa sababu wenye mali walikuwa hawajajua bei. Sasa wewe uliyesoma kalenda za Intel na AMD, ukamkuta mjane anauza mashine ya marehemu mumewe yenye prosesa nzuri, naye anadhani ni chuma chakavu kwa kuwa "ni ya zamani," utafanya nini? Kanuni ya misafara inakufikia hapohapo ulipo. Mwambie bei ya sokoni, kisha zungumzeni.

La mwisho ni la vitendo. Zamani za Mtume alikuwepo sahaba Habban bin Munqidh, aliyekuwa akipunjwa katika biashara. Akafundishwa aseme wakati wa kununua kwamba kusiwe na hadaa, na akapewa hiari ya siku tatu. Wanazuoni wengi wa fiqhi wametegemea hapo katika sharti la hiari. Basi ombeni sharti hilo kwa mwenye duka, aliandike kwenye risiti: siku tatu za kujaribu. Katika siku hizo ipeni mashine kazi nzito ya saa nzima, muone kama inazima au inachemka. Fungueni mipangilio, msome jina kamili la prosesa, mlilinganishe na karatasi iliyobandikwa. Asiyejua kusoma namba hizo aje Jumamosi baada ya Alasiri, mbele ya chumba cha swala, na mashine au hata picha ya karatasi yake. Hakuna malipo.

Wabillahi tawfiq.